Kibali cha Mwajiri, Mashaka ya Mfanyakazi

Msikilizaji, juma lililopita, mara tu kipindi hiki kilipomalizika, niliitwa kwenye simu ya studio. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Tanga, mtu mzima kwa sauti yake. Baada ya shikamoo yangu na marahaba yake aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Mwanangu, nina binti yangu yuko Uingereza, anatunza wazee. Huu ni mwaka wake wa pili. Hakuiba, hakumtukana mtu, hakuchelewa kazini hata siku moja. Sasa ameletewa barua kwamba ana siku sitini, akikosa tajiri mwingine aondoke, kwa sababu tajiri wake amenyang'anywa leseni. Nieleze, leseni ya tajiri inamhusu nini binti yangu?"

Nilimwomba mama huyo anipe juma moja. Alikubali, lakini kabla ya kukata simu aliongeza jambo moja. Ili binti huyo aende, familia iliuza shamba la michungwa Muheza, na fedha zote zikaingia mkononi mwa wakala. Leo basi, msikilizaji, natimiza ahadi. Swali la mama huyu si lake peke yake. Mijini kwetu hapa vijana wengi wanatembea na karatasi za kazi za Ulaya mifukoni, na wengi wao hawajui kwamba karatasi ile inasimama juu ya kibali cha mtu mwingine.

Tuanze na msingi wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba serikali ya Uingereza humpa mfanyakazi mgeni ruhusa ya kufanya kazi, naye akishaipata huitumia apendavyo. Sivyo. Ruhusa ya kwanza hupewa mwajiri. Mwajiri huyo huomba serikalini leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Akishaipata ndipo anaweza kumwandikia mgeni hati ya udhamini, na mgeni akiwa na hati hiyo ndipo anaweza kuomba viza. Kwa hiyo kuna ngazi tatu: leseni ya mwajiri, hati ya udhamini, na viza ya mfanyakazi. Ukiondoa ngazi ya chini kabisa, zile mbili za juu hazina pa kusimama. Hapo ndipo lilipo jibu la mama wa Tanga, lakini tulifikie polepole.

Utaratibu huu haukuwapo tangu zamani. Kabla ya mwaka 2008 mwajiri aliomba kibali cha kazi kwa kila mtu aliyetaka kumleta, kibali kimoja kwa mtu mmoja. Mwaka 2008 Uingereza ilileta mfumo wa pointi, na pamoja nao leseni ya udhamini. Badala ya serikali kupima kila ombi la kila mwajiri, ikasema: tutampima mwajiri mwenyewe mara moja, tukimwamini tutampa daftari na kalamu, yeye atatuandikia hati, na yeye atakuwa macho yetu huko kazini. Mwisho wa mwaka 2020 Uingereza ilipomaliza safari yake ya kutoka Umoja wa Ulaya, waajiri waliokuwa wamezoea kuchukua watu kutoka Poland au Romania bila kibali chochote walijikuta nao wanahitaji leseni hiyo. Ndiyo maana daftari la wadhamini limevimba hadi kupita waajiri 100,000.

Sasa, mwajiri huipataje leseni hiyo?

Kwanza lazima awe na biashara au shirika la kweli linaloendesha shughuli zake Uingereza kwa mujibu wa sheria. Hujaza fomu kwa kompyuta, kisha ndani ya siku 5 za kazi hupeleka vielelezo, kwa kawaida visivyopungua vinne: taarifa za benki, usajili wa kodi, bima ya wafanyakazi, hati ya pango la ofisi, na kadhalika kwa kadiri ya aina ya biashara. Kwa nyumba za kutunzia wazee za England, tangu tarehe 11 Machi 2024 lazima pia ziwe zimesajiliwa na tume inayosimamia ubora wa huduma za afya na matunzo nchini humo.

Pili, hulipa ada. Mwezi Aprili 2025 ada hiyo ilipandishwa hadi pauni 574 kwa kampuni ndogo na mashirika ya hisani, na pauni 1,579 kwa kampuni kubwa. Mwombaji akikataliwa, kwa kawaida fedha hizo huwa zimekwenda.

Tatu, hutaja watu. Lazima awepo ofisa mmoja mwenye madaraka katika kampuni ambaye ndiye ataulizwa lolote likiharibika, na lazima awepo mtu wa kuendesha ule mtandao wa kompyuta ambamo hati huandikwa na taarifa hupelekwa. Serikali huwachunguza watu hao. Mwenye hatia ya udanganyifu au ya makosa ya uhamiaji anaweza kuiangusha kampuni nzima.

Nne, lazima athibitishe kwamba kazi anayotaka kumwitia mgeni ipo kweli, kwamba haikutungwa ili mtu fulani apate viza, na kwamba mshahara wake unafikia kiwango kilichowekwa. Wakaguzi wanaweza kuja kabla ya leseni kutolewa. Watakaa na ofisa huyo, wataomba kuona mafaili, watauliza: unawaajiri watu vipi, unajuaje kama mfanyakazi hakuja leo, anwani zao unaziweka wapi? Maombi mengi hujibiwa ndani ya majuma 8.

Akifaulu, jina lake huingizwa katika daftari la wadhamini likiwa na daraja A. Daftari hili, msikilizaji, si siri. Lipo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, halina malipo, na mtu yeyote aliyeko Kariakoo au Ngamiani anaweza kulifungua na kutafuta jina la kampuni. Nitalirudia jambo hili mwishoni, maana lingewaokoa wengi.

Baada ya leseni huja hati ya udhamini. Neno "hati" linaweza kukudanganya ukadhani ni karatasi yenye muhuri na nembo. Kwa hakika ni kumbukumbu ya kompyuta yenye namba yake. Ndani yake mwajiri ameandika jina la mfanyakazi, kazi atakayofanya, mahali, saa za kazi na mshahara. Hati ikishatolewa ina miezi 3 ya kutumika katika kuomba viza. Mwezi Aprili 2025 gharama ya kuandika hati moja ya kazi ya ustadi ilipanda kutoka pauni 239 hadi pauni 525.

Juu ya hiyo kuna tozo ya ufundi, iliyoanza mwaka 2017, ambayo nia yake ni kuwafanya waajiri wafikirie kuwafundisha vijana wa kwao kabla ya kuagiza watu nje. Tangu tarehe 16 Desemba 2025 tozo hii ilipandishwa kuwa pauni 480 kwa mwaka kwa kampuni ndogo na pauni 1,320 kwa kampuni kubwa. Kampuni kubwa inayomchukua mtu kwa miaka 3 inalipa basi pauni 3,960 za tozo, ukijumlisha na pauni 525 za hati unapata pauni 4,485, kabla mtu huyo hajaosha hata sahani moja.

Sikiliza hapa kwa makini. Tozo hiyo ya ufundi sheria inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi. Tena, kwa hati za kazi za ustadi zilizotolewa kuanzia tarehe 31 Desemba 2024, mwajiri amekatazwa pia kumdai mfanyakazi gharama ya hati na gharama ya leseni. Ada ya viza na nauli ni mambo mengine, hayo mfanyakazi anaweza kuyalipa mwenyewe. Lakini mtu anayekwambia, "Lipa milioni kadhaa, hiyo ni bei ya hati ya udhamini," anakuuzia kitu ambacho hakiuzwi. Na mwajiri anayeshirikiana naye anahatarisha leseni yake mwenyewe, na pamoja nayo viza yako.

Tumeona leseni inavyopatikana. Kuitunza ni kazi kubwa zaidi ya kuipata. Zamani leseni ilidumu miaka 4, kisha mwajiri akaomba upya. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 utaratibu huo wa kuomba upya uliondolewa, na leseni zikaongezwa muda wa miaka 10. Wengine walishangilia wakidhani mambo yamelegezwa. Sivyo. Mlango wa ukaguzi wa kila miaka 4 ulifungwa, lakini dirisha la ukaguzi wa siku yoyote liko wazi.

Mwajiri mdhamini anatakiwa kuweka faili la kila mfanyakazi: nakala ya pasipoti, uthibitisho wa haki ya kufanya kazi, anwani na simu ya sasa, mkataba, kumbukumbu za mishahara na za siku alizokosa kazi. Anatakiwa pia kutoa taarifa. Mfanyakazi asipofika kuanza kazi, taarifa. Akikosa kazini zaidi ya siku 10 za kazi mfululizo bila ruhusa, taarifa. Akifukuzwa, akiacha, mshahara wake ukipunguzwa, akihamishiwa kituo kingine, taarifa. Nyingi ya taarifa hizi lazima zifike serikalini ndani ya siku 10 za kazi. Na kampuni yenyewe ikihama, ikibadili jina au ikinunuliwa na wengine, ina siku 20 za kazi kusema.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: mfanyakazi lazima afanye kazi ile ile iliyoandikwa katika hati, na alipwe mshahara ule ule ulioandikwa. Kama hati inasema saa 39 kwa juma na mwajiri anampa saa 15, hapo mwajiri amekwisha vunja masharti, hata kama mfanyakazi amekaa kimya kwa hofu. Likizo bila malipo ikizidi majuma 4 kwa mwaka, ukiacha sababu maalumu kama ugonjwa au uzazi, mwajiri anatakiwa kuacha kumdhamini mtu huyo. Na akikutwa na mtu asiye na haki ya kufanya kazi, tangu Februari 2024 faini inaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mtu kwa kosa la kwanza, na pauni 60,000 kwa kosa la kurudia.

Wakaguzi huja kwa miadi au bila miadi. Hawazungumzi na mwajiri tu. Huwaita wafanyakazi mmoja mmoja na kuwauliza: unafanya kazi gani hasa, unalipwa kiasi gani, nani alikutafutia kazi hii, ulilipa nini? Majibu yao hulinganishwa na yaliyoandikwa kwenye kompyuta na yanayoonekana katika taarifa za benki.

Yakilingana, wakaguzi huaga na kwenda zao. Yasipolingana, kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kushushwa hadi daraja B. Hapo mwajiri hulipia mpango wa kujirekebisha, na hawezi kuleta mgeni mpya mpaka apande tena. Ya pili ni kusimamishwa. Jina huondolewa kwenye daftari kwa muda, na mwajiri hupewa siku 20 za kazi kujieleza. Katika kipindi hiki wafanyakazi waliokwisha kuwapo huendelea na kazi, na mara nyingi hawajui kwamba nyumba inaungua. Hatua ya tatu ni kufutwa. Hakuna rufaa ya kawaida. Mwajiri anaweza kwenda mahakamani kudai kwamba uamuzi ulifikiwa kinyume cha sheria, lakini hata huko njia ni nyembamba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ya England ilisema, katika mashauri ya kampuni za matunzo, kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani haikulazimika kupima kwanza madhara yatakayoipata biashara na wanaoitegemea ndipo ifute leseni.

Tusidhani kwamba panga hili huwaangukia wadogo tu. Mwezi Agosti 2012 Chuo Kikuu cha London Metropolitan kilinyang'anywa leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni, ambayo ni ndugu wa leseni tunayoizungumzia leo. Wanafunzi zaidi ya 2,000, waliokuwa wamelipa karo na kupanga vyumba, waliambiwa watafute chuo kingine kwa siku 60 au waondoke. Ilibidi mahakama iingilie ndipo wale waliokuwa na haki ya kukaa wakaruhusiwa kumaliza mwaka wa masomo. Chuo chenyewe kilirudishiwa leseni mwaka 2013. Chuo kilipona. Lakini mwanafunzi aliyerudi kwao katikati ya safari hakurudishiwa mwaka wake.

Sasa tuingie katika kazi ya kutunza wazee, maana huko ndiko aliko binti wa Tanga.

Mwaka wa fedha 2021/22 sekta hiyo huko England ilikuwa na nafasi wazi zipatazo 165,000. Wazee walikuwa vitandani na hapakuwa na wa kuwageuza. Mwezi Februari 2022 serikali ikafungua mlango: watunza wazee waruhusiwe kutoka nje. Waajiri wakakimbilia leseni, na leseni zikatoka kwa wingi. Lakini macho ya kuzichunga hayakuongezeka kwa kiasi hicho. David Neal, aliyekuwa mkaguzi huru wa mipaka na uhamiaji, aliandika ripoti iliyotangazwa Machi 2024. Ndani yake kuna mambo ya kushangaza. Hati 275 zilitolewa kwa nyumba ya wazee ambayo haikuwapo. Hati 1,234 zilitolewa kwa kampuni iliyosema ina wafanyakazi 4. Na ofisa mkaguzi mmoja alikuwa na waajiri wapatao 1,600 wa kuwaangalia.

Msikilizaji, nani aliyenufaika na uzembe huo? Ni wale waliogundua kwamba hati moja inaweza kuuzwa Harare, Lagos, Kochi au kwetu hapa. Watu wakafika Uingereza wakakuta kazi hakuna, au ipo ya saa chache, nyumba ya kulala ni kitanda kimoja watu wawili kwa zamu, na deni la wakala linasubiri nyumbani.

Ndipo serikali ikageuka. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta ya matunzo pekee. Katika mwaka mmoja, kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025, ilifuta leseni 1,948 katika sekta zote, mara mbili na zaidi ya zile 937 za mwaka uliotangulia. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa watunza wazee wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Siku hiyo hiyo kiwango cha jumla cha mshahara kwa kazi za ustadi kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi nyingi zisizohitaji elimu ya kiwango cha shahada zikaondolewa.

Kumwadhibu mwajiri mwovu ni haki. Tatizo ni kwamba fimbo iliyoinuliwa juu ya mwajiri humshukia mfanyakazi kwanza. Leseni ikifutwa, Wizara humwandikia kila mfanyakazi aliyedhaminiwa barua ya kufupisha viza yake. Kwa kawaida hupewa siku 60, au zile zilizobaki kwenye viza yake kama ni chache kuliko hizo. Ndani ya siku hizo apate mwajiri mwingine mwenye leseni, aandikiwe hati mpya na aombe upya, la sivyo afunge mizigo. Mwajiri hubaki na nyumba yake na gari lake, na baada ya muda, kwa kawaida miezi 12 au zaidi, anaweza hata kuomba leseni upya. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Wapo wasikilizaji watakaosema, "Huyu si kafili yule yule wa Uarabuni?" Wenye ndugu Muscat na Dubai wanamjua kafili. Kuna kufanana, kwa maana ukaaji wako umefungwa kwa mwajiri. Lakini tofauti ipo na ni vema kuijua, maana ni silaha yako. Uingereza, mwajiri hana ruhusa ya kukushikia pasipoti. Huhitaji idhini yake ili kuhama. Unaweza kuacha kazi na kwenda kwa mwingine, ilimradi huyo mwingine naye ana leseni na viza mpya imetoka. Uzito ni kumpata huyo mwingine kabla siku hazijaisha.

Kwa hiyo ewe kijana unayetafuta safari, chukua kalamu.

Kwanza, fungua daftari la wadhamini na utafute jina la kampuni, herufi kwa herufi, na mji wake. Kama halimo, safari haimo. Kama limo, tazama daraja lake na tazama ni kwa aina gani ya kazi. Hata hivyo, kumbuka kwamba daftari linakuambia kampuni ina leseni leo. Halikuambii kwamba kazi ipo, wala kwamba wakala aliyekaa mbele yako ametumwa na kampuni hiyo. Wandikie wenyewe kampuni kwa anwani uliyoipata wewe, si ile uliyopewa na wakala.

Pili, uliza nani analipa nini, na udai stakabadhi. Ukiambiwa ulipie hati, simama hapo hapo.

Tatu, kama kazi ni ya uuguzi au ya matunzo, jua kwamba Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kanuni za Uingereza zinawazuia mawakala kuja kuandikisha watu wa kada hizo katika nchi kama hizo. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, lakini wakala anayefungua meza hapa kwetu amekwisha vunja kanuni kabla hajakujua jina. Kwa majirani zetu wa Kenya, serikali mbili ziliwekeana makubaliano Julai 2021, na wauguzi wao wanatakiwa kupitia njia hiyo. Na yeyote anayekuahidi leo nafasi ya kutunza wazee huko kutoka hapa Dar es Salaam anakuuzia mlango uliofungwa Julai 2025.

Nne, wewe uliyekwisha fika, tunza kila hati ya mshahara, kila ratiba ya zamu, kila ujumbe wa mwajiri. Siku ya ukaguzi au siku ya kuhama, karatasi hizo ndizo zitakazosema kwamba ulikuwa mkweli.

Namalizia na mama wa Tanga. Mama, uliuliza leseni ya tajiri inamhusu nini binti yako. Inamhusu yote. Viza yake haikusimama juu ya uaminifu wake, ilisimama juu ya uaminifu wa tajiri. Binti yako hakukosa kitu. Lakini sheria haikuuliza amekosa nini, iliuliza nani alimdhamini.

Hata hivyo, mambo hayajaisha, na naomba umfikishie haya leo hii. Siku 60 zinahesabiwa kwa barua ya Wizara, si kwa siku ambayo tajiri alifutiwa leseni. Asome tarehe iliyoandikwa katika barua ile na aizungushie wino. Ule mlango uliofungwa mwaka 2025 ulifungwa kwa watokao nje. Walio ndani, waliokwisha fanya kazi hiyo kihalali kwa mdhamini wao, wameruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine wa matunzo mwenye leseni hadi Julai 2028. Mikoa ya England ina ofisi za ushirikiano zilizopewa kazi ya kuwaunganisha watunza wazee walioachwa na waajiri wapya, na tangu Aprili 2025 waajiri wanaotaka kuleta watu kutoka nje walitakiwa kwanza kuwatazama hawa waliokwama. Aende huko, asione haya. Akipata mwajiri, alitafute jina lake katika daftari kabla ya kushukuru. Na ombi lake jipya likiingia kabla siku hazijaisha, anaruhusiwa kukaa akisubiri jibu, ila asianze kazi kwa tajiri mpya mpaka jibu litoke.

Mama alinipigia tena jana, kabla sijaingia studio. Zimebaki siku 34. Binti amepata miadi miwili ya mahojiano juma hili, na safari hii, alisema mama, majina ya kampuni zote mbili wameyatafuta wenyewe katika daftari, yeye akiwa Tanga na mwanawe akiwa huko, wakisomeana herufi kwenye simu.

Msikilizaji, panapo majaliwa tukutane tena juma lijalo.